Mto Elbe na Kiingereza Changu

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2024, sehemu ya daraja la Carola katikati ya jiji la Dresden ilivunjika na kutumbukia katika mto Elbe, kiasi cha mita mia moja pamoja na reli za tramu zilizopita juu yake. Hakuna aliyeumia, ingawa tramu ilikuwa imevuka hapo dakika chache tu kabla. Asubuhi nilitoka bwenini bila kunywa chai, kwa kuwa mimi ni mhandisi wa maji, na mtu wa fani yangu hawezi kupata habari ya daraja lililoanguka mtoni akaendelea kupaka mkate siagi.

Ukingoni, nyuma ya utepe wa polisi, watu wengi walikuwa wamesimama kimya. Mzee mmoja aliyeshika baiskeli akanisogelea, akaanza kunieleza jambo kwa utulivu, huku akionyesha nguzo, kisha maji, kisha nguzo tena. Alipomaliza alinitazama akingoja nijibu. Nilikuwa nimekaa Ujerumani karibu miaka miwili, nimebakiza tasnifu tu nipate shahada ya uzamili, na katika maelezo yake yote nilikuwa nimeambulia maneno mawili, daraja na maji. Nikamwomba radhi kwa Kiingereza. Akatabasamu kwa adabu, akatikisa kichwa, akageuka kuutazama mto. Hakunidharau hata kidogo. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu mto wake, na aliyesimama kando yake hakufaa kuambiwa.

Nilirudi bwenini nikiwa na aibu ambayo hakuna mtihani uliowahi kunipa. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kuuhesabu upya mpango wangu wote.

Mpango wenyewe niliuandika Tanga mwaka 2021, katika daftari la mistari lenye picha ya twiga kwenye jalada. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi wa rasilimali za maji Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikafanya kazi za mkataba miaka miwili katika miradi ya maji ya vijiji vya Handeni, na nilikuwa nimechoka kupanda bodaboda na kulala nyumba za kulala wageni zenye balbu moja. Niliandika miji mitatu na kuiunganisha kwa mishale: Dresden, Geneva, Nairobi. Dresden kwa sababu chuo kikuu chake cha ufundi kina shahada ya uzamili ya sayansi na uhandisi wa maji inayofundishwa kwa Kiingereza, na kwa sababu mji huo una taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa inayoshughulikia rasilimali, kwa hiyo niliona kama mlango wa kazi za kimataifa uko mtaa wa pili tu kutoka darasani. Geneva na Nairobi kwa sababu ndiko ziliko ofisi za mashirika niliyoyaota. Ukurasa mzima ulijaa, na haukuwa na hata mstari mmoja kuhusu Kijerumani. Ya nini, ikiwa masomo ni kwa Kiingereza?

Fedha ndizo zilizotutoa jasho. Wengi nyumbani hudhani kusoma Ujerumani ni bure, na kwa upande wa ada hawako mbali na ukweli, maana vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa mhula tangu mwaka 2017. Kinachomshinda mtu ni ile akaunti ya zuio. Kabla ya kupewa viza, mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ameweka fedha za kujikimu mwaka mzima katika akaunti ambayo yeye mwenyewe hawezi kuchota zaidi ya fungu la kila mwezi. Mwaka 2022, nilipoomba, kiasi hicho kilikuwa euro 10,332, yaani euro 861 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 24 kwa viwango vya wakati ule. Miezi michache baadaye kikapanda hadi euro 11,208, na mwaka 2024 kikafika 11,904. Baba aliuza kiwanja alichokuwa akikitunza kwa ajili ya uzee wake, mama akakopa katika SACCOS yao, na shangazi yangu wa Korogwe akatoa akiba ya upatu bila kuulizwa.

Fedha hizo zilikaa siku kumi na tisa zisijulikane ziko wapi. Benki iliyozituma, ambayo sitaitaja, iliandika majina mawili wakati pasipoti yangu ina matatu, na benki iliyopokea ikazizuia hadi mwenye fedha athibitishwe. Kwa siku hizo zote mama hakuniuliza neno. Aliamka mapema kuliko kawaida, akanitazama usoni, kisha akaenda kuwasha jiko. Tangu hapo kila nikiulizwa na kijana anayejiandaa kwenda ng'ambo aanzie wapi, humwambia ahakikishe kwamba jina lake ni moja, herufi kwa herufi, katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, pasipoti na benki. Huwa anacheka. Anangoja nimwambie kuhusu barua ya maombi.

Nilifika Oktoba 2022 na kupangiwa chumba katika jengo refu la zege lililojengwa enzi za Ujerumani Mashariki. Rafiki yangu Mzanzibari alipokuja kunitembelea kutoka Leipzig alisimama uwanjani, akainua kichwa na kuangua kicheko. "Dada, umepanda ndege kuja kuishi Michenzani?" Alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu majumba ya Michenzani kule Unguja yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hiyohiyo baada ya Mapinduzi ya 1964, na ukizoea korido za huku hupotei kule.

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia katika makazi yako lazima ujiandikishe katika ofisi ya manispaa, na bila karatasi ya uandikishaji huo mambo mengine mengi hukwama. Baada ya hapo huanza barua. Nchi ambayo nilidhani inaendeshwa kwa kompyuta inaendeshwa kwa barua za karatasi zinazotumbukizwa katika kisanduku chenye jina lako, na kila barua ina tarehe ya mwisho. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mchango wa redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Nikaona ni kosa: sina redio, sina televisheni. Niliiweka chini ya godoro pamoja na zilizofuata. Kumbe mchango huo hulipwa na kila makazi, kuwe na televisheni kusiwe nayo, na katika fleti yetu ya watu watatu alitakiwa kulipa mmoja tu, tukagawana. Kwa kuwa hakuna aliyejibu, deni liliendelea kukua pamoja na faini yake. Niligundua siku nilipobadilisha shuka. Barua zote hizo zilikuwa za Kijerumani, na mimi badala ya kusoma hata moja nilikuwa nimejipa uhakika kwamba jambo nisilolielewa halinihusu.

Kosa la ghala lilikuwa kubwa zaidi, nalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona wengine wakilirudia. Mwanafunzi wa kigeni wakati ule aliruhusiwa kufanya kazi siku 120 kamili au nusu siku 240 kwa mwaka. Tangu Machi 2024 zimeongezwa kuwa 140 au 280. Mimi nilipata kazi ya usiku katika ghala la vifurushi nje ya mji, kuanzia saa nne usiku hadi saa tisa, mara tatu kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimepanda hadi euro 12 kwa saa. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mwishoni mwa mkanda unaotembea, kusoma msimbo wa posta, na kukipeleka kifurushi katika kitoroli chake kabla kingine hakijafika. Baada ya saa mbili macho hayasomi tena namba. Yanasoma umbo lake. Nilikuwa nikirudi na basi la usiku nikinuka vumbi la maboksi, nikalala kwa muda wa saa tatu, nikaenda kusikiliza mhadhara wa mtiririko wa maji chini ya ardhi nikiwa nimefumba jicho moja.

Zamu yangu ilikuwa na urefu wa saa tano. Sikujua kwamba nusu siku, kwa sheria yao, kwa kawaida haizidi saa nne za kazi, na kwamba ukivuka hapo hata kwa dakika chache siku nzima imeliwa. Mwanzoni mwa Oktoba 2023 siku zangu za mwaka zilikuwa zimekwisha. Nilikaa na kikokotoo: siku 120 za saa tano ni saa 600, ilhali kanuni ileile ingeniruhusu saa 960 kama ningechagua zamu za saa nne au za saa nane. Saa 360 nilizipoteza kwa kutosoma ukurasa mmoja. Na palikuwa na jambo jingine lililouma kuliko hilo: kazi ya usaidizi wa utafiti chuoni haihesabiwi kabisa katika siku hizo, na idara yetu ilikuwa ikitangaza nafasi za namna hiyo kila mhula, kwenye ubao uliokuwa kando ya mashine ya kahawa, kwa Kijerumani.

Sisemi kwamba kazi ya ghala ni aibu. Ilinilisha, na sehemu ya mkopo wa mama ililipwa kwa vifurushi vya watu nisiowajua. Nasema tu kwamba mtu anayepanga kufanya kazi za dunia nzima alikuwa ametumia mwaka wake wa kwanza akijifunza misimbo ya posta ya Saksonia, jimbo lenye mji wa Dresden.

Baada ya asubuhi ile ya daraja nilijiandikisha katika darasa la Kijerumani la kila siku, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, pamoja na madaktari wa Syria na kijana mmoja wa Vietnam aliyekuwa akijifunza uokaji. Vitabu vilinifundisha kwamba ndiyo ni "ja". Lakini Dresden mtu akikubali husema "nu", na kwa miaka miwili nilikuwa nimeisikia hiyo kama hapana ya Kiingereza. Nilirudi nyuma katika kumbukumbu, nikamkumbuka mama wa duka la mikate niliyekuwa nikimwuliza kama mkate fulani umebaki, akanijibu "nu", nami nikamshukuru na kuondoka mikono mitupu. Mara ngapi nimeondoka hivyo, sijui.

Mwalimu wetu alipojua kwamba natoka mwambao wa Afrika Mashariki alinitajia Mtoro bin Mwinyi Bakari, nikaona haya kwamba ninaambiwa habari zake na Mjerumani. Mtoro alitoka upande wa Bagamoyo, akafundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900 hadi 1905, akaandika juu ya desturi za Waswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipojaribu kurudi naye pwani mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikawazuia wasikae huko, ikabidi warejee Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Sisi tunaosema "ajira ya kimataifa" kana kwamba ni jambo la kizazi chetu tungefaa kumkumbuka mtu huyu ambaye miaka 120 iliyopita alijua lugha zinazohitajika, alikuwa na kazi yenye heshima katika mji mkuu wa dola, na bado alirudishwa mlangoni mwa kwao kwa sababu ya ndoa yake.

Tasnifu niliimaliza mwanzoni mwa 2025. Mhitimu wa chuo cha Ujerumani hupewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ajikimu. Miezi 18 husikika kuwa mingi. Si mingi, kwa sababu waajiri wengi huchukua miezi miwili au mitatu kujibu, na wewe bado unatunga barua ya kwanza kwa kamusi.

Niliomba nafasi thelathini na kitu katika miezi mitatu ya mwanzo na sikuitwa hata kwenye usaili mmoja. Katika kila ombi niliambatisha kwa fahari barua ya sifa kutoka ofisi niliyofanyia mafunzo kazini, iliyosema kwamba nimetekeleza majukumu yangu na wao wameridhika nami. Dada mmoja wa Mombasa, muuguzi mwenye miaka kumi Ujerumani, ndiye aliyeisoma akashusha pumzi. "Mdogo wangu, nani amekuandikia hivi? Hapa wamesema hufai."

Ikabidi anifundishe. Barua ya mwajiri Ujerumani haitakiwi kumharibia mfanyakazi njia ya mbele, kwa hiyo hakuna anayeandika kwamba fulani ni mvivu. Badala yake wamejenga ngazi ya maneno matamu. Wakiandika kwamba waliridhika nawe kikamilifu kabisa na wakati wote, wewe ni wa daraja la kwanza. Wakiandika kwamba waliridhika, basi, bila kielezi chochote, umepita kwa shida. Na wakiandika kwamba ulijitahidi, funga kitabu. Mimi niliyelelewa na bibi anayenunua kanga kwa kusoma jina kwanza na kutazama rangi baadaye, mimi niliyeona jirani akinuniwa mwezi mzima kwa sababu ya maandishi ya pindo, nilishindwaje kutambua fumbo lililowekwa mkononi mwangu? Nilirudi ofisini kule nikiwa nimekariri sentensi zangu, nikaomba kwa Kijerumani barua iangaliwe upya. Bwana aliyeniandikia alionekana kushangaa kweli. Alisema alitumia kielelezo cha kompyuta. Aliongeza maneno mawili na kutia sahihi. Ombi la nne baada ya hapo lilinipatia usaili.

Dada yule alinikuta na kosa jingine. Katika wasifu wangu nilikuwa nimeifuta miaka miwili ya Handeni na kuacha chuo tu, nikidhani Wazungu watacheka habari za bodaboda na visima vya pampu ya mkono. Pengo la miaka miwili katika wasifu, aliniambia, huku linaulizwa kuliko kosa la jinai. Nikairudisha.

Usaili ulifanyika katika kampuni ndogo ya ushauri inayokokotoa mafuriko ya vijito kwa ajili ya manispaa za vijijini. Walikuwa watatu. Kijerumani changu kilichechemea katika kila jinsia ya nomino, lakini walingoja. Kisha mmoja akauliza ningefanyaje kukadiria mafuriko katika kijito ambacho hakijawahi kuwekewa kipimo. Hilo halikuwa swali la darasani, kwa sababu darasani data huja zimepangwa katika jedwali. Nikamweleza kwamba Handeni mito mingi ni ya msimu na haina kipimo, kwa hiyo tulikuwa tukiwatafuta wazee, tukiwauliza maji yalifika wapi mwaka ule mbaya, nao wakituonyesha alama kwenye shina la mbuyu au mahali ambapo ukuta wa udongo ulilambwa, nasi tukapima kutoka hapo hadi sakafu ya mto. Nikasema pia kwamba Dresden hufanya jambo hilohilo, maana ukitembea mjini utaona ukutani alama ya Agosti 2002, Elbe ulipofika mita 9.40, tofauti ni kwamba hapa waliichora, na kule mzee mwenyewe ndiye alama. Yule aliyeuliza akaweka kalamu chini. Tuliongea juu ya mibuyu dakika kumi.

Nilianza kazi Novemba 2025. Sitaki mtu afikiri kwamba nilishinda kwa ajili ya mibuyu. Kabla ya kuomba nafasi hiyo nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kijerumani wa B2, ngazi ya nne kati ya sita, na bila cheti hicho barua yangu isingefika meza ya yule aliyeniuliza habari za kijito. Kijerumani nilichoanza kukitafuta nikiwa na tasnifu mgongoni ningeweza kukianza Tanga jioni, kidogokidogo, katika miezi kumi niliyokaa nikingoja fedha na viza.

Lile daftari la twiga bado ninalo. Geneva nimeikata kwa kalamu, si kwa hasira. Nimeona tu kwamba nafasi nyingi za mashirika ya kule huomba miaka ya kazi mikononi, nami ndiyo kwanza ninaipata. Pembeni nimeandika mambo yasiyo na mvuto wowote. Mwenye shahada ya Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya kitaalamu, akiwa na michango ya pensheni na Kijerumani cha B1. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Usajili wangu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi lazima uendelee kuwa hai, kwa sababu bila huo siku nitakaposhuka Dar es Salaam sitaruhusiwa kujiita mhandisi katika nchi iliyonizaa. Kwa hiyo Jumapili moja kila mwezi nakaa na mafaili mawili, la Kijerumani na la Kiswahili, nikihakiki tarehe.

Jumapili iliyopita nilikuwa katika kazi hiyo mama alipopiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Na huyo mtoto wa mjomba wako anataka kukusalimu, anasema anakuja huko huko kusoma umeme. Kwa Kiingereza."

Nikamwomba ampe simu. Kijana akaniamkia, akaanza kunieleza habari za barua ya maombi na mshale wake kutoka Aachen hadi Toronto. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwuliza kama anajua kuhesabu mpaka kumi na mbili kwa Kijerumani, naye akanyamaza, na nyuma yake nikasikia mama akimwambia achukue kalamu.